Huduma Zikikatika, Ugonjwa Haungoji

Mada iliyotolewa na maofisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya wakazi wa mpakani



Katika mikutano yetu ya usalama, ombi moja limerudi mara kwa mara. Wakazi wametuomba tuwaondoe vijana wanaokusanyika karibu na kituo cha afya, wale wanaojidunga dawa za kulevya na kufika hapo kupimwa, kupewa dawa na kupewa sindano safi. Mmetuambia kwamba huduma hiyo inavuta wezi, kwamba inawafundisha watoto tabia mbaya, na kwamba kumpa sindano mtu aliyezoea unga ni sawa na kumkabidhi fisi bucha.

Ombi hilo hatulipuuzi. Limetoka kwa wazazi wenye hofu ya haki na kwa wachuuzi waliopoteza mali yao. Lakini kabla ya kulijibu tunaomba ruhusa yenu tueleze jambo moja: ugonjwa wa kuambukiza hufanya nini pale huduma zinapokatika. Jambo hili limeshaonekana kwingine, na waliolilipia gharama walikuwa watu wa miji midogo kuliko hii yetu.

Jinsi ugonjwa unavyopita

Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya B na C, huishi katika damu. Mtu anapojidunga, damu kidogo hurudi ndani ya bomba la sindano. Jicho huenda lisiione, lakini inatosha. Mwenzake akilipokea bomba lile, amepokea na damu ile. Wala hatari haiko kwenye sindano pekee: kijiko cha kuchanganyia, maji ya kusuuzia na pamba ya kuchujia huweza kubeba virusi pia. Vile vya homa ya ini aina ya C ni vigumu kufa kuliko vingi. Katika majaribio ya maabara, vilibaki na uwezo wa kuambukiza ndani ya bomba la sindano kwa muda wa hadi siku 63.

Kinga yake husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni sindano safi kwa kila anayejidunga, kila mara. La pili ni methadoni, dawa ya kunywa itolewayo na mhudumu wa afya, ambayo humtuliza mtu asihitaji heroini wala sindano. La tatu ni upimaji na matibabu: dawa za kupunguza makali ya VVU, dawa za homa ya ini, dawa za kifua kikuu. Figa moja likiondolewa, chungu hakikai.

Na tuangalie jinsi kila figa linavyoondoka. Sindano safi zikikosekana leo, leo hiihii watu wataazimana zilizotumika. Dozi moja ya methadoni hudumu kwa takriban siku nzima. Baada ya siku moja au mbili bila dawa, arosto huanza: jasho, kutapika, kuhara, maumivu ya mifupa, usiku bila usingizi. Mtu katika hali hiyo hurudi kwenye unga, na akirudi baada ya kukaa nao mbali mwili wake hauustahimili tena kama zamani. Kiasi alichokizoea ndicho kinachoweza kumuua. Naye aliyekuwa akimeza dawa za VVU vizuri, hata virusi vikawa havionekani katika vipimo, alikuwa hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Akikosa dawa, virusi huibuka upya ndani ya wiki chache. Mtu ni yuleyule na nyumba ni ileile, lakini hatari imerudi. Ama kifua kikuu, tiba yake ya kawaida ni ya miezi 6, na ikikatizwa ovyo vimelea hujifunza kuishinda dawa, kisha husafiri kwa kikohozi ndani ya teksi iliyojaa abiria ambao hawajawahi kuishika sindano maishani mwao.

Kwa hiyo, ndugu zetu, yanayowapata wanaojidunga hayaishii kwao. Wana wake, wana waume, wana watoto wachanga, wana wazazi wanaowauguza.

Mji mdogo kando ya barabara kuu

Tunawaomba twende pamoja hadi Marekani, katika Kaunti ya Scott, kusini mwa jimbo la Indiana. Ni kaunti ya mashambani yenye wakazi wapatao 24,000. Mji wake mmoja, Austin, una watu zaidi kidogo ya 4,000, na uko kando ya barabara kuu ipitishayo malori kati ya miji mikubwa ya Indianapolis na Louisville. Watu wa mpakani tunaijua hali ya mji wa namna hiyo: magari hupita usiku na mchana, ajira ni haba, na daktari ni wa kutafutwa.

Kwa miaka mingi kaunti hiyo iliandikisha visa vipya vya VVU chini ya 5 kwa mwaka. Ugonjwa ulihesabiwa kuwa jambo la mijini. Mwaka 2013 kliniki ndogo iliyokuwa ikipima VVU hapo ilifungwa baada ya kupunguziwa fedha. Hakukuwa na maandamano wala kilio. Mlango ulifungwa, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na jicho la kuona kilichokuwa kikija.

Wakati huohuo, watu wengi mjini Austin walikuwa wakisaga vidonge vya kutuliza maumivu viitwavyo oksimofoni, wakiviyeyusha na kujidunga. Sheria ya jimbo haikuruhusu huduma ya kubadilishana sindano. Maofisa wa afya walipokuja baadaye kuwahoji wagonjwa, waliambiwa kwamba baadhi walijidunga kati ya mara 4 na 15 kwa siku, na kwamba mtu aliweza kushiriki vifaa na wenzake hadi 6 kwa mara moja. Ndani ya familia moja, wazazi na watoto wao wazima walitumia bomba lilelile.

Kufikia Januari 2015 visa 11 vilikuwa vimegunduliwa, na uchunguzi ukaanza. Tarehe 26 Machi mwaka huo Gavana Mike Pence, ambaye hakuwa akiunga mkono ugawaji wa sindano, alitangaza hali ya dharura ya afya na kuruhusu huduma hiyo kwa muda. Ilianza mwezi Aprili. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kufikia Novemba 2015 watu 181 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa VVU, na hesabu ilikuja kupita 200. Takriban 9 kati ya kila 10 kati yao walikuwa pia na homa ya ini aina ya C.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha hesabu zao kuhusu janga hilo. Walikadiria kwamba kama hatua zilezile zilizochukuliwa mwaka 2015 zingeanza mwaka 2013, walioambukizwa wasingezidi 56. Na kama zingeanza mwaka 2011, pale homa ya ini ilipokuwa imeanza kutoa ishara, wasingezidi 10. Dawa ni zilezile, sindano ni zilezile na wahudumu ni walewale. Kilichopungua ni wakati. Wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisa hicho kinatufunza jambo jingine linalohusu ombi lenu. Katika mji ule hakukuwa na sindano za serikali, wala kituo cha kuwakusanya vijana, wala mhudumu wa kulaumiwa. Kujidunga kulikuwapo, tena kwa wingi. Ukosefu wa sindano safi haukumzuia mtu kujidunga. Ulimfanya ajidunge kwa sindano ya mwenzake. Huduma ilipoingia, maambukizi mapya yalishuka sana. Hata hivyo, Juni 2021 makamishna wa kaunti walipiga kura, 2 dhidi ya 1, kuifunga huduma ya sindano ifikapo mwisho wa mwaka. Waliopiga kura hiyo hawakuwa watu wabaya. Walisema hawawezi kumpa mtu kifaa ambacho huenda kikamuua. Hoja hiyo ndiyo tuliyoisikia hapa kwenu, nayo inatoka moyoni. Lakini ni hoja inayomwona mtu mmoja na sindano yake, bila kuwaona watu kumi watakaoitumia sindano ileile baada yake.

Mpaka ulipowavuka watu

Sisi tunaishi mpakani, basi tuchukue na mfano wa mpakani. Mwezi Machi 2014 Urusi iliitwaa Rasi ya Crimea kutoka Ukraine. Katika rasi hiyo watu wapatao 800 walikuwa wakitibiwa uraibu kwa methadoni na dawa inayofanana nayo. Sheria za Ukraine ziliiruhusu tiba hiyo, sheria za Urusi ziliipiga marufuku. Ndani ya miezi michache tiba ilikoma. Wagonjwa wale hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka wao.

Baadhi walihamia upande wa pili ili waendelee na dawa. Wengi hawakuweza. Mwezi Januari 2015 Michel Kazatchkine, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu UKIMWI katika Ulaya Mashariki na Asia ya Kati, alikadiria kwamba kati ya 80 na 100 kati yao walikuwa wameshafariki, wengi kwa kuzidisha dawa za kulevya au kwa kujiua. Ni takriban mtu mmoja kwa kila wanane au kumi, ndani ya miezi isiyotimia mwaka.

Mfano huo hatukuuleta ili kuhukumu siasa za mbali. Tumeuleta kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mkazi wa mpakani hulijua kwa mwili wake: mstari ukichorwa au kufungwa, binadamu husimama, lakini uraibu na ugonjwa havisimami.

Hali katika nchi zetu

Heroini inayotoka Asia hupita Bahari ya Hindi na kuingia pwani ya Afrika Mashariki, kisha husafiri kwa barabara zilezile zinazobeba saruji, mafuta na mahindi. Kila penye njia ya kupitisha, kidogo hubaki njiani. Katika tathmini zilizofanyika nchini Kenya mwanzoni mwa muongo uliopita, takriban watu 18 kati ya kila 100 wanaojidunga walikuwa na VVU, kiasi cha mara tatu ya watu wazima kwa jumla.

Nchi zetu hazikukaa kimya. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011. Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014, ikianzia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha pwani. Uganda ilifungua kliniki yake katika Hospitali ya Butabika, Kampala, mwaka 2020. Haya ni mafanikio ya kujivunia. Lakini pimeni wenyewe: kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200, na methadoni ni dawa ya kila siku. Kwa kijana wa mpakani, umbali pekee ni huduma iliyokatika kabla haijaanza.

Kisha yakaja majaribu mawili. La kwanza ni la mwaka 2020. Kwa sababu ya korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria mwezi Machi na kusimamisha usafiri wa umma. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku, na mwezi Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Hatua hizo zilikuwa na sababu zake. Hata hivyo, mtu anayepaswa kufika kituoni kila siku alihitaji njia, nauli na kibali, na mara nyingi alikosa vyote vitatu. Mchuuzi aliyeandikishwa kliniki ya upande wa pili aliweza kujikuta daftari lake la matibabu liko ng'ambo na yeye yuko huku.

Jaribu la pili ni la mwaka 2025. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iikague. Mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, ulikuwa umebeba sehemu kubwa ya mzigo wa VVU katika nchi zetu. Baada ya siku chache kibali kilitolewa ili matibabu ya kuokoa maisha yaendelee. Lakini kwa upande wa dawa za kumeza ili kuzuia maambukizi, kibali hicho kiliwataja wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wanaojidunga hawakuwamo. Vituo kadhaa vilivyokuwa vikiwahudumia vilifungwa, na waelimishaji rika wengi, wale waliokuwa wakiwatafuta wagonjwa vichochoroni na kuwashika mkono hadi kliniki, walisimamishwa kazi. Dawa huweza kuwa imejaa stoo, lakini asipokuwapo wa kumwita mgonjwa anayeogopa, dawa ile ni kama maji ya kisima kisicho na kamba.

Nafasi ya polisi

Sasa tuseme yanayotuhusu sisi wenyewe. Huduma haikatiki kwa ukosefu wa fedha tu, wala kwa kufungwa kwa mipaka tu. Hukatika pia kwa hofu. Askari akisimama langoni pa kituo cha afya na kumkagua kila aingiaye, kituo kile kimefungwa hata kama milango yake iko wazi. Anayehitaji sindano safi hatakuja; atatafuta iliyotupwa.

Mahabusu nayo ni mahali pa kukatikia huduma. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, na ofisi zikafunguliwa Jumatatu, huyo ameshakosa dozi mbili au zaidi za methadoni. Wanaotoa tiba hiyo hueleza kwamba aliyekosa siku kadhaa hawezi kurudishiwa dozi yake kamili kwa mkupuo. Lazima aanze tena kidogo kidogo, la sivyo dawa yenyewe itamdhuru. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kwa watu wanaojidunga, kufungwa karibuni kuliambatana na ongezeko la hatari ya kupata VVU la takriban asilimia 80, na hatari ya kupata homa ya ini aina ya C la takriban asilimia 60. Anayetoka mahabusu akiwa ameambukizwa hurudi mtaani kwenu, si kwingine.

Jambo hili linagusa pia usalama wa askari, ambao ni watoto wenu. Mwaka 1992 jimbo la Connecticut, Marekani, lilibadili sheria ili mtu aweze kununua na kubeba sindano bila kushtakiwa. Katika mji wa Hartford, miezi 6 kabla ya mabadiliko, askari walichomwa na sindano mara 6 katika ukamataji 1,007 uliohusu dawa za kulevya. Miezi 6 baadaye walichomwa mara 2 katika ukamataji 1,032. Hesabu ni ndogo lakini sababu yake inaeleweka: asiyeogopa kushtakiwa kwa sindano humwambia askari iko mfuko gani.

Jibu letu kwa ombi lenu

Kwa hayo yote, jibu letu ni hili. Hatutafanya misako langoni pa kituo cha afya, wala hatutawafukuza wanaofuata tiba. Na ili mjue kwamba hatukuziacha haki zenu mikononi mwa fisi, tunasema pia tutakalofanya.

Kwanza, doria za sokoni na vichochoroni zitaongezwa katika saa mlizotutajia. Mwizi atakamatwa kwa sababu ameiba. Hakuna atakayekamatwa kwa sababu ya kovu mkononi mwake. Pili, anayeuza na kusafirisha dawa za kulevya ndiye tunayemwinda. Sheria ya dawa za kulevya iko palepale, na taarifa zenu kuhusu wauzaji tutazitunza kwa siri. Tatu, kila anayeingia mahabusu ataulizwa kama yuko kwenye matibabu, na kituo cha afya kitaarifiwa siku hiyohiyo ili dawa zake zimfikie. Nne, askari anayemkagua mtu atamuuliza kwa upole kabla ya kumgusa: una kitu chenye ncha? Na jibu la kweli halitageuzwa kuwa shtaka la sindano.

Nanyi, wazee wetu na ndugu zetu, tuna mambo tunayowaomba.

Sindano iliyotupwa isiokotwe na mtoto, wala isishikwe kwa mkono mtupu. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji. Ikilazimu kuiondoa mara moja, tumieni koleo, itieni ndani ya chombo cha plastiki kigumu chenye kifuniko, na msijaribu kuirudishia kofia yake. Mtu akichomwa, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue wala kunyonya, na afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita. Kuna dawa ya dharura ya kuzuia VVU inayomezwa kwa siku 28, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake.

Msafiri, awe dereva, mchuuzi au mvuvi, abebe kadi yake ya matibabu kila aendako. Kabla ya kuvuka kwa muda mrefu, amwombe mhudumu dawa za ziada au barua ya uhamisho. Mipaka huweza kufungwa usiku mmoja. Tuliliona hilo mwaka 2020.

Familia zenye mtu anayejidunga zisimfungie ndani kwa aibu. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Homa ya ini aina ya C hupona: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. VVU havina tiba ya kuvimaliza, lakini anayemeza dawa kila siku huishi maisha marefu na kulea wanawe. Anayefichwa hapati hata kimoja kati ya hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na viongozi wa mitaa, tunawaomba mtusaidie kuwa macho ya mapema, yale yaliyokosekana katika Kaunti ya Scott. Kliniki ikikosa dawa kwa wiki moja, mwelimishaji rika akiachishwa kazi, sindano zikianza kuonekana mahali ambapo hazikuwako, vijana wakianza kuugua homa ya ini: msingoje mkutano ujao. Mwambieni ofisa wa afya wa wilaya, mtuambie nasi, na muwaambie wenzenu wa upande wa pili wa mpaka, maana ugonjwa utakuwa umeshafika kwao au utakuwa umetoka kwao.

Mlituuliza kama kituo kile kinaleta hatari mtaani. Hatari ilikuwapo kabla ya kituo, nacho ndicho kinachoihesabu na kuipunguza. Kikifungwa mtaona utulivu langoni kwa miezi kadhaa, kama walivyouona watu wa Austin. Kinachokuja baada ya utulivu huo ndicho tusichotaka kuwasindikizia watoto wenu, wala wetu.

 Maswali yenu tuko tayari kuyapokea, hapa uwanjani na katika kituo chetu cha polisi, siku yoyote.